Sabufa Saba na Mkwaruzo Mmoja

"Umeniulia sabufa, Fundi! Umeniulia mwenyewe, na leo utaifufua mwenyewe!"

Bi Ashura alikuwa ameibeba kichwani kutoka kwake, ng'ambo ya barabara, waya ukiburuzika nyuma yake kwenye vumbi jekundu. Aliitua kwenye baraza la Imaculata kwa kishindo, akajishika kiuno, akageuka kidogo ili sauti yake iwafikie na wale waliokuwa wakinunua vitumbua nyumba ya tatu.

"Habari za asubuhi, Mama Daimu," Imaculata akajibu. Alikuwa ameinamia redio iliyofumuliwa, kipande cha waya kimebanwa midomoni.

"Asubuhi gani? Asubuhi ni ya watu wenye redio! Hii ulinitengenezea mwezi wa Ramadhani, ukaniapia nitawaachia wajukuu. Jana naweka flashi, wimbo wa kwanza tu, khrrrr! Kama mtu anachana kanga mpya. Nazima, nawasha, khrrrr! Spika imepasuka."

"Haijapasuka."

"Hata hujaigusa!"

Imaculata akatoa waya mdomoni. "Haijapasuka, Mama Daimu. Iweke pale na wenzake."

Ndipo Bi Ashura alipogeuka akaona. Kando ya ukuta, zimepangwa kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati, kulikuwa na sabufa nyingine tano. Ya fundi cherehani ilikuwa na stika ya timu ya mpira. Ya saluni ilikuwa imemwagikiwa rangi ya nywele. Nyingine ilivuliwa wavu wa mbele na mtu asiye na subira, ikabaki imekodoa koni zake za spika.

"Mola wangu," Bi Ashura akanong'ona, na huyo alikuwa hanong'oni ovyo. "Kumbe ni janga."

Kwa asiyewajua hawa wawili, waliishi wakitazamana milango kwa miaka kumi na saba pale Mfaranyaki, Songea. Bi Ashura alikuja kutoka Tunduru na magunia yake ya korosho, akaweka meza, meza ikawa duka, na duka likawa mahali ambapo hakuna habari ya mtaa iliyopita bila kusimama. Imaculata alitoka Liuli, kwenye ziwa, akiwa ameolewa na fundi redio. Mume alipofariki watu walisubiri auze vifaa vyake arudi kwao. Hakuuza. Alikuwa amekaa miaka kumi kwenye kigoda kando ya yule mume, akimshikia taa na kumfuta jasho, na kumbe macho yalikuwa yanafanya kazi. Siku ya arobaini alifungua mlango wa karakana, akakaa kwenye kiti cha mbele.

Kwa Bi Ashura yeye alikuwa na majina mawili. Siku za amani aliitwa Mama Leo, kwa jina la mwanawe. Siku za kesi aliitwa Fundi.

Chanzo cha kesi ya leo kilikuwa bendi. Vijana watatu, Remmy na wenzake wawili, walikuwa wamepanga stoo ya nyuma ya nyumba ya Imaculata, wakatundika mablanketi ukutani, wakapiga magitaa na ngoma humo kwa miezi minane. Bendi wakaiita Kutu. Wiki iliyopita wakatoa albamu yao ya kwanza, nyimbo tisa, wakaiita Msumari. Sefu wa kibanda cha nyimbo pale njia panda akaipenda kupita kiasi. Akawa anaiingiza kwenye kila flashi iliyopita mikononi mwake, umeomba hujaomba. Uliyempelekea flashi akuwekee kaswida ulirudi nyumbani na kaswida na Kutu. Ndani ya siku sita Msumari ilikuwa imeingia nyumba nyingi kuliko mchele wa msaada.

Na kila nyumba ilikuwa na lake la kusema. Waendesha bodaboda waliupenda wimbo wa tatu, walisema unapanda kama pikipiki ya mlima Matogoro yenye abiria wawili na gunia. Katekista alisema hajasikia dhambi humo ila hajasikia na maneno. Mwalimu Judica, aliyehamishiwa Songea kutoka Same na ambaye alikuwa na maoni juu ya kila kitu mpaka chumvi ya wenzake, aliwaeleza watu bombani kwamba huo ni muziki wa roki.

"Roki mbadala," aliongeza.

"Mbadala wa nini?" akaulizwa.

"Wa ile roki nyingine."

"Sasa hiyo nyingine mbona haijafika?"

Lakini juu ya wimbo wa kwanza hapakuwa na maoni mawili. Wimbo uliitwa "Mimi Si Mgeni". Ulianza na gitaa taratibu, halafu, kabla Remmy hajafungua mdomo, ilipanda sauti moja ya ajabu, nene, yenye manung'uniko, inayotetema pembeni kama bati lililolegea kwenye upepo. Mtaa mzima ulikubaliana: hapo ndipo spika inapopasuka.

Na spika za mtaa mzima zilikuwa zimepita mikononi mwa fundi mmoja.

* * *

Saimon alifika kabla Bi Ashura hajamaliza kushangaa. Alikuwa mwenye grosari ya pale kona, mtu wa kifua kipana na kofia ya sufu, na spika yake haikubebwa kichwani. Ilikuja juu ya mkokoteni: boksi refu kama kabati, alilonunua kwa ajili ya harusi.

"Fundi, shuka tuongee kama watu wazima," akasema.

"Niko hapa hapa, Saimon. Ongea."

"Jana wateja wangu wamenyanyuka na chupa zao. Mmoja kaniambia, bosi, moto, spika yako inaungua. Watu wamekimbilia nje! Mimi nikabaki na kuku wa kuchoma na aibu." Alivua kofia, akaivaa tena. "Sasa sikiliza. Wiki hii mtaani kuna neno linatembea. Wanasema usipeleke redio kwa Imaculata, anaua spika. Mama wa saluni ameshapeleka feni yake Msamala, kwa yule kijana mpya. Feni, Fundi! Feni haina hata spika!"

Hilo Imaculata hakuwa amelisikia. Alishusha koleo mezani polepole.

Kazi ya mikono ya watu inaishi mdomoni mwa watu. Yeye hakuwa na bango, hakuwa na cheti ukutani. Alikuwa na jina tu, na jina hilo lilimjengea vyumba viwili na kumsomeshea Leo mpaka akapata kazi Mbinga. Likitoka, asingekuwa na kitu kingine cha kuning'iniza mlangoni.

"Kwa hiyo ni hivi," Saimon akaendelea, na sasa watu wa vitumbua walikuwa wamesogea na vitumbua vyao mkononi. "Ama spika zetu ni mbovu, basi wewe ni fundi mbovu. Ama rekodi ni mbovu, basi hawa vijana wako ni wapumbavu, wametuletea takataka. Chagua moja, tujue."

"Chagua, Fundi," Bi Ashura akadakia. Hakuwa na nia mbaya, ila hakuweza kuona moto unawaka asiongeze kijiti.

Wakati huo huo Remmy akatokea uani. Kijana mrefu, mwembamba, simu mkononi, macho ya mtu ambaye hajalala.

"Shikamooni," akasema.

Walimwitikia kwa shingo upande.

"Huyu hapa mwenyewe," akasema Saimon. "Ee bwana, mmerekodia nini? Kinu cha kukobolea?"

Remmy alimpita. Alimsogelea Imaculata, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, yule mtangazaji wa redio tuliyempa albamu kapiga. Kaipenda albamu. Anataka kuirusha leo mchana kwenye kipindi chake, wimbo wa kwanza. Ila anasema tutoe ule mkwaruzo. Anasema watu watafikiri mitambo yao imekufa."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia nitampigia." Akatazama chini. "Sijamwambia ni nini. Tulikuahidi."

Imaculata aliisogeza kando ile redio iliyofumuliwa. Halafu akasimama, akajipangusa mikono kwenye kanga aliyojifunga juu ya sketi.

"Leteni ekstensheni," akasema.

* * *

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, ile baridi ya Songea inayowafanya watu waote jua ukutani kama mijusi, kwa hiyo watazamaji hawakuhitaji kualikwa. Alizishusha sabufa zote kwenye kiwanja kati ya nyumba yake na barabara, sita, na boksi la Saimon la saba. Akaanza na la Saimon. Aliweka vidole viwili katikati ya koni, akaisukuma ndani taratibu, akainamisha sikio kusikia kama koili ya waya iliyo nyuma yake inakwaruza. Haikukwaruza. Akachukua betri moja ya tochi, akagusisha nyaya mbili. Koni ikaruka, ikasema *tap*.

"Mmesikia? Iliyopasuka haisemi hivyo. Iliyopasuka inakohoa."

Akaenda ya pili. *Tap*. Ya tatu. *Tap*. Alipofika ya Bi Ashura, mwenye mali alijikuta amefumba macho kama anayesubiri majibu ya hospitali.

*Tap*.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Ashura.

"Betri si muziki," akasema Saimon.

"Subiri basi."

Alipitisha waya kutoka sabufa moja hadi nyingine mpaka zote saba zikawa zinakula sahani moja. Akaanza na kaswida, kwa heshima ya Bi Ashura. Ilitoka safi, ikatanda kiwanjani, hata mtu mmoja aliyekuwa anatafuna akaacha kutafuna. Akaweka kwaya ya parokia. Sauti za akina mama zilipanda mpaka juu kabisa bila kuchanika. Akaweka bongofleva yenye besi nzito, boksi la Saimon likapumua kama ng'ombe, na vitumbua vikatetemeka kwenye karatasi.

Kisha akachomeka flashi ya Kutu.

Gitaa taratibu. Halafu, khrrrr, sabufa zote saba kwa pamoja, kwa sekunde ile ile, zikatoa ile sauti nene ya manung'uniko. Akazima. Akarudisha nyuma. Akawasha. Khrrrr, pale pale.

"Spika saba," akasema Imaculata, "za watu saba, zilizotengenezwa miaka tofauti. Zinaweza kupasuka zote mahali pamoja kwenye wimbo mmoja, halafu zikapona kwenye kwaya?"

Kisha Saimon akapiga makofi mara moja, kofi kubwa la mtu aliyekwishaelewa.

"Basi kesi imekwisha! Rekodi ni mbovu! Fundi wetu ni mzima, hana doa. Nyie, huyo anayesema Imaculata anaua spika, nani? Aje hapa!"

"Mimi nilijua tangu mwanzo," akasema Bi Ashura, ambaye alikuwa hajajua. Akamshika Imaculata bega. "Mama Leo, samahani. Shetani tu."

Mama Leo. Kwa hiyo amani ilikuwa imerudi. Watu walianza kucheka, mmoja akasema feni ile irudishwe kutoka Msamala leo hii, mwingine akamgeukia Remmy na kumwambia aende akasome. Lile neno lililokuwa likitembea mtaani lilikuwa limekatwa miguu mbele ya mashahidi zaidi ya ishirini. Imaculata alichohitaji kufanya ni kimoja tu, chepesi: kunyamaza.

Remmy alisimama katikati ya kicheko kile akiwa ameshika simu kwa mikono miwili. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Sawa, wazazi," akasema. "Ni kosa letu. Tutarekodi upya. Tutautoa."

Hakumtazama Imaculata hata mara moja. Alijua akimtazama watu wangefuata macho yake.

* * *

Kule Liuli, baba yake Imaculata alikuwa mpiga mganda, ngoma ya wanaume wa ziwani. Mzee Egidi, kaptura nyeupe, soksi ndefu, nywele zimegawanywa kwa kitana, akitembea kwenye mstari na wanaume wenzake huku wameweka vibuyu midomoni. Kibuyu cha mganda hakipulizwi kama filimbi. Unaimbia ndani yake. Kina tundu ubavuni, na juu ya tundu hilo kumebandikwa utando mwembamba mweupe, ule ambao buibui wa ndani ya nyumba huhifadhia mayai yake ukutani. Utando ndio unaotetema. Bila utando una mtu anayenung'unika ndani ya boga. Ukiwepo, una sauti inayovuka maji.

Mtu wa kutafuta tando hizo alikuwa Imaculata, tangu ana miaka saba. Alikuwa na vidole vyembamba na subira. Alizibandua kwa unyasi, akazibandika kwa utomvu, akaziacha zikauke kivulini. Timu nzima ya mganda iliimba kwa vidole vyake. Lakini siku moja, ana miaka kumi na miwili, alijaribu kimoja alichokimaliza, nyuma ya jiko, apate kusikia tu kama kimekubali. Baba hakumpiga. Alikichukua mkononi mwake, akakipasua kwa kisigino, akasema kibuyu kilichoguswa na mdomo wa mwanamke hakiingii kwenye mstari. Kisha akamwambia atengeneze kingine.

Akatengeneza. Alitengeneza vingine miaka sita.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Remmy alimletea kijisanduku cha chuma, kile ambacho wapiga gitaa hukikanyaga ili sauti ikwaruze. Kimekufa. Imaculata alikifungua, akaona kilichokufa hakipatikani Songea wala Makambako.

"Mnataka nini hasa?" alimuuliza.

"Tunataka sauti iwe kama imechanika, Mama, lakini haijachanika."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akazunguka kuta za stoo ile na tochi, akimtafuta buibui.

Walirekodi Jumanne mchana, mablanketi yamefungwa, vijana watatu wamenyamaza kama walio kanisani. Aliimbia ndani ya kibuyu kwa mara ya pili maishani mwake. Alipomaliza aliwasimulia habari ya baba yake na kile kisigino, kisha akawaomba kitu kimoja: msimwambie mtu. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mwanakwaya, mjane, fundi anayeheshimika. Alijua vizuri mtaa wake unavyocheka.

Nao hawakumwambia mtu. Walikuwa wanatukanwa, na hawakumwambia mtu.

* * *

"Hautoki," akasema Imaculata.

Alisema kawaida tu, kama anayezungumzia doa kwenye nguo, ndiyo maana watu hawakusikia mpaka aliporudia.

"Mkwaruzo hautoki. Rekodi si mbovu, Saimon."

"Fundi, tumeshamaliza. Umeshinda."

"Sijashinda. Umesema nichague moja, mimi nachagua ya tatu."

Aliingia ndani. Aliposikika akisogeza kitu juu ya kabati, Bi Ashura alinyoosha shingo mpaka kanga ikamdondoka begani. Akatoka nacho: kibuyu kirefu cha rangi ya asali, kimeng'arishwa kwa mkono, na ubavuni kiduara cheupe kidogo kuliko sarafu. Mmoja wa waliokuja na vitumbua, mtu wa Mbamba Bay, kwenye ziwa lile lile, akasema "Ee!" kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu stendi.

"Hiki ndicho kilichopasua spika zenu," akasema Imaculata.

"Cha mganda hicho?" Saimon akasogea. "Kimefikaje kwenye roki?"

"Kimefika kwa mdomo wangu."

Mtu akacheka. Mwingine akafuata. Kicheko kikatambaa kwenye kiwanja kama maji yaliyomwagwa, kikawafikia hata wale ambao hawakujua wanacheka nini. Mwanamke mmoja akasema, "Mama wa kwaya huyu?" Imaculata alisikia mashavu yake yakichemka. Aliacha yachemke.

Saimon hakucheka. "Fundi, mimi mjomba wangu alicheza mganda. Ule ni wa wanaume. Mwanamke hashiki."

"Mwanamke anashika sana. Hizo tando nani alizibandika? Mimi. Nimeshika, nimesugua, nimebandika, nimekausha. Nimekatazwa kitu kimoja tu, kuimba. Sasa nikuulize, Saimon. Walionikataza wote wamekufa, na wa kuniruhusu sijui kama amezaliwa. Nisubiri nini?"

Saimon akarudi nyuma hatua moja, akaegemea boksi lake.

"Remmy," akasema Imaculata, "weka toka mwanzo."

Gitaa likaanza taratibu kwenye sabufa zote saba. Imaculata aliweka kibuyu midomoni. Na ile sauti ilipopanda kutoka kwenye spika, ikapanda na nyingine kutoka kwake, pale pale mbele ya macho ya watu, nene ile ile, inayonung'unika na kutetema pembeni, hata ungefumba macho usingejua ipi ni ya jana na ipi ni ya sasa hivi. Haikuwa tamu. Hakuna aliyedai ni tamu. Ilikuwa sauti ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mshipa wa shingo ulimsimama. Kanga ililegea kiunoni, akaikamata kwa kiwiko bila kuacha kuimba. Kisha sauti ya Remmy ikaingia kwenye rekodi: *Fungueni, mimi si mgeni hapa,* na Remmy mwenyewe, aliyesimama kando ya boksi la Saimon, akajifuta pua kwa mgongo wa mkono.

Wimbo ulipokwisha, kicheko kilikuwa hakijulikani kilikokwenda.

"Nilisema ni mbadala," akasema Mwalimu Judica, ambaye hakuna aliyemwona akifika. "Ingawa ubeti wa pili ni dhaifu."

Mtu wa Mbamba Bay aliomba kukishika kibuyu. Alikigeuza, akautazama utando, akakirudisha kwa mikono miwili. Wengine walianza kubishana hapo hapo: huyu anasema kama ni mganda basi uwe mganda, yule anasema kama ni gitaa basi liwe gitaa, fundi cherehani anasema yeye bado anasikia spika mbovu na hakuna wa kumwambia vinginevyo.

Saimon alilipakia boksi lake kwenye mkokoteni. "Mimi kwangu wimbo huo haupigwi," akasema.

"Usiupige."

"Unafukuza wateja."

"Usiupige, Saimon. Hakuna aliyekushika mkono. Lakini usiseme spika imepasuka. Sema hukuupenda. Hapo tutakuwa tunaelewana."

Saimon akaitengeneza kofia yake. "Sikuupenda," akasema.

"Karibu tena."

Simu ya Remmy ikaita. Aliitazama, uso ukabadilika. "Ni yeye. Mtangazaji." Ikaita tena. "Nimwambieje, Mama?"

"Mwambie ni mimi."

Remmy akavuta pumzi, akapokea. "Shikamoo kaka. Ndiyo. Hapana, mkwaruzo hautoki. Hapana, si mitambo. Ni mama mmoja hapa Mfaranyaki, anaimba." Akasikiliza. Akasogea pembeni, kidole kwenye sikio la pili, mpaka nyuma ya ukuta wa stoo, na kilichosemwa upande wa pili wa simu hakikusikika tena.

Imaculata alianza kuchomoa nyaya. Alizikunja moja moja, kama anavyozikunja siku zote, duara kwenye kiganja na kiwiko. Watu walikuja kuchukua sabufa zao. Wawili walisema ahsante. Wengine walichukua tu. Mwenye saluni hakusema chochote juu ya feni.

Ikabaki moja, na mwenyewe alikuwa amesimama juu yake, mikono kiunoni, amevimba.

"Miaka kumi na saba," akasema Bi Ashura.

"Mama Daimu..."

"Miaka kumi na saba natazamana na mlango wako! Mimi katika mtaa huu najua nani kahama kitanda na nani kahama dini. Najua mwalimu anakula nini usiku. Halafu wewe una kibuyu juu ya kabati, una baba aliyekipasua kingine kwa kisigino, maana Remmy kanieleza wimbo ulipokwisha, na mimi najua leo! Barabarani! Pamoja na Saimon!"

"Ungecheka."

"Ningecheka, ndiyo! Ningecheka, halafu ningekaa chini nikakusikiliza. Kucheka kumekuzuia nini?" Akaishika sabufa, akaipandisha kichwani kwa pigo moja. "Na bado ni kelele. Nakwambia ukweli wangu, ile ni kelele, meno yangu yote yamelegea."

"Sawa."

"Sawa nini? Nimeacha kisamvu jikoni tangu asubuhi kwa ajili ya kesi yako. Nimekitia korosho za kusaga, kama kimeungua ni wewe." Alikuwa tayari amefika katikati ya barabara, waya ukiburuzika nyuma yake. Akasimama, akageuka na mzigo wake kichwani, na bodaboda iliyokuwa inashuka ikalazimika kumzunguka.

"Mama Leo! Sasa unasimama hapo kama mgeni? Njoo ndani ule. Na hicho kibuyu kilete, usikiache juani."